Mwaka wa Kimadende

Mwezi uliopita binti mmoja alikuja ofisini kwangu hapa Geita, akanipa shikamoo kwa adabu zote, akaketi kwenye kiti wanachokalia wazazi wanapokuja kulalamika, akatoa kishikwambi chake na kunieleza kwamba anasoma shahada ya uzamili. Utafiti wake, alisema, unahusu kwa nini wanafunzi huendelea kutumia teknolojia za kujifunzia mtandaoni. Alikuwa ameambiwa kwamba mimi ni miongoni mwa walimu wa mwanzo huku kwetu kusoma stashahada kwa njia hiyo. Nikamwambia ni kweli. Akafurahi, akaanza kunisomea majibu ya kuchagua. Je, niliendelea kwa sababu mfumo ulikuwa rahisi kutumia? Kwa sababu uliniletea manufaa? Kwa sababu mwajiri alitaka? Kwa sababu niliridhika nao? Nilimwangalia yule mtoto wa watu, mpole, kucha zake zimepakwa rangi vizuri, na nikasikia hasira inapanda, hasira ya zamani ambayo nilidhani imeshakwisha. Rahisi! Kuridhika! Nilitaka kumwambia afunge hicho kidude chake anisikilize mpaka jioni. Lakini alikuwa na shule nyingine tatu za kuzungukia, na mimi nilikuwa na kikao cha kamati, kwa hiyo nikamwambia aandike niliridhika. Akabonyeza, akashukuru, akaniuliza jina langu kamili. Nikalitaja. Akaliandika bila kukosea, maana siku hizi hata mimi mwenyewe nalitamka jinsi linavyotakiwa.

Wiki hiyohiyo nikapigiwa simu kutoka Runzewe. Mwalimu Shija amefariki. Presha, wakasema, ameanguka akiwa anachota maji kisimani kwake. Niliweka simu mezani nikabaki naitazama. Watu wanadhani mtu akifa unakumbuka mambo makubwa. Mimi nilichokumbuka ni sauti yake ikisoma maandishi ya kwenye kompyuta kwa nguvu, kana kwamba kompyuta ni kiziwi, katika chumba kilichonuka mafuta ya mashine na giligilani.

Mwaka ule nilikuwa mwalimu wa cheti kwenye shule ya msingi nje kidogo ya Runzewe, na Shija alikuwa dawati la pili kutoka langu katika ofisi ya walimu. Maneno yalikuwa yameanza kupita kwamba walimu wa cheti tutafute stashahada, la sivyo tusishangae tukiwekwa pembeni. Kwenda chuoni kukaa bweni haikuwezekana. Nilikuwa na mtoto anayenyonya na darasa lenye watoto waliokaa mpaka dirishani. Ndipo likaja tangazo la chuo fulani kinachofundisha kwa mtandao. Utasoma ukiwa popote, lilisema, wakati wowote. Lile neno popote lilinivutia sana. Walioliandika nadhani hawakuwahi kushuka Runzewe mwezi wa pili mvua ikiwa imekata umeme.

Tulikwenda kuandikishwa Geita mjini, kwenye ukumbi wa kukodi wenye mapambo ya harusi ambayo hayajatolewa. Nyuma ya meza alikaa kijana mwenye shati jeupe na kompyuta mpakato. Akaniuliza jina. Nikamwambia Milembe. Akacheka kidogo, ile ya mtu aliyechoka kusikia kitu kilekile tangu asubuhi, akasema, "Nyinyi Wasukuma na hiyo r yenu, mtaitafuta mpaka lini?" Akaandika. Nilikuwa nimeshika cheti changu mkononi, jina limeandikwa kwa wino, nikamwonyesha, lakini alikuwa ameshamwita anayefuata. Kijana yule alidhani ananisahihisha. Alikuwa amewasikia watu wetu kutwa nzima wakisema kalibu na habali na balabala, akajiwekea kanuni kichwani kwamba kila l inayotoka kwenye mdomo wa Msukuma ni r iliyopotea njia. Kwa hiyo akanirudishia r ambayo sikuwahi kuwa nayo.

Milembe ni neno la kwetu, maana yake amani. Ni jina la bibi aliyenilea, na nililibeba kama mtu anavyobeba kitu alichoachiwa na marehemu. Sasa liweke r katikati uone. Mirembe ni mahali wanakotibiwa watu waliochanganyikiwa akili, na hakuna Mtanzania asiyejua. Ukilitamka, mtu anazungusha kidole pembeni ya kichwa chake. Herufi moja tu, na kutoka amani ukawa umepelekwa wodini.

Chumba tulichosomea kilikuwa pale Runzewe mjini, nyuma ya duka la Mama Hetal. Duka lenyewe lilikuwa la vifaa: bati, misumari, pampu za maji, sururu, kamba nene za kushukia kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu. Mama Hetal alikuwa Mhindi, lakini alizaliwa Shinyanga, na baba yake vilevile. Kisukuma chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha walimu wenzangu wengi. Mumewe alikuwa mtu wa kukaa Mwanza na mizigo, mke ndiye aliyekuwa dukani. Alikuwa na intaneti ya dishi dogo juu ya paa, ya pekee niliyoijua pale mjini, aliyoifunga kwa sababu moja tu: binti yake Hetal alikuwa ameolewa mbali, Uingereza, na kila Jumapili mchana walitazamana. Alipojua kwamba walimu wawili wanatafuta mtandao, alituonyesha chumba cha nyuma, akasema, "Kaeni pale. Msiguse kompresa, ina kichaa." Tukakaa kwenye ndoo za rangi zilizofunikwa mito, kompyuta ya Shija juu ya boksi la misumari, na kila tulipoingia baada ya vipindi alitusalimia "Mwadila!" kutoka kaunta, nasi tukamjibu, ndipo akatuma chai. Jumamosi alituletea wali uliopikwa pamoja na choroko, laini, una samli na jira, na pembeni yake achari ya ndimu iliyomtoa Shija machozi kila mara na ambayo kila mara aliiomba tena.

Siku ya kwanza tulipofaulu kuingia kwenye mfumo, skrini ilifunguka taratibu, kipande kwa kipande, mpaka maandishi ya bluu yakajitokeza juu: Karibu, Mirembe. Nilihisi kama mtu ameniita kwa jina la mke mwenza. "Wameniharibia jina," nikasema. Shija akasogeza uso karibu na skrini, akasoma kwa sauti yake ya darasani.

"Kalibu, Milembe."

"Ndiyo hivyo. Unaona walivyofanya?"

Akasoma tena, polepole, kwa kidole. "Ka-li-bu. Mi-le-mbe." Akanigeukia kwa mshangao wa kweli. "Sasa shida iko wapi? Si jina lako hilo?"

Nilicheka siku ile. Sikujua nacheka nini. Shija alikuwa mtoto wa Bukombe ndani kabisa, ulimi wake haukuwa na r hata ya dawa, na hakuona haya. Macho yake yaliona r, mdomo wake ukatoa l, na masikio yake yakaridhika. Nilimweleza kwa kuandika herufi zote mbili kwenye boksi la misumari kwa chaki. Akasema, "Aaa, kumbe ni hii! Kadogo hako. Watalekebisha." Na mimi nikaamini kwamba watarekebisha, maana ni nani angekataa kurekebisha herufi moja?

Nilianza kumpigia msimamizi wa mfumo. Sijui kama alikuwa mtu mmoja au wengi waliofundishwa sauti moja. "Jina lako dada?" "Milembe, kwa l. L ya lala." Vidole vinagonga. "Kwenye mfumo sikuoni." "Hunioni kwa sababu mfumo umeandika Mirembe." "Basi wewe ni Mirembe." "Mimi siyo Mirembe." "Basi haupo, dada." Akakata, au mtandao ukakata, sikuwahi kujua. Niliandika maombi ndani ya mfumo wenyewe, nikajibiwa ombi lako limepokelewa, na likabaki limepokelewa mpaka leo. Nikauliza kama nifunge safari niende chuoni na cheti changu cha kuzaliwa. Wakasema, mama, hii ni elimu ya mtandao, usijisumbue kusafiri, tuma mtandaoni. Nikatuma mtandaoni. Mtandao ukasema, kwa mabadiliko ya taarifa binafsi, fika chuoni ana kwa ana. Nililia siku hiyo, nasema wazi, nililia kwa hasira mbele ya pampu za maji, na Mama Hetal akafunga mlango wa kuingilia dukani ili wateja wasione.

Na bado kesho yake nilirudi. Hicho ndicho ambacho yule binti hakuwa na pa kukiandika. Mfumo ule ulikuwa mbaya. Ulikuwa unakutoa nje katikati ya jaribio na kukuambia muda wako umekwisha wakati saa yako ya mkononi inasema bado. Ulidai kila wiki uandike maoni kwenye jukwaa la majadiliano, vinginevyo alama zinashuka, kwa hiyo watu ambao hatujawahi kuonana tuliandikiana "nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia", na aliyetangulia naye alikuwa amekubaliana na mwingine. Sikuupenda hata siku moja. Lakini kila jaribio nililofaulu lilikwenda kwenye akaunti ya Mirembe. Alama zangu zote zilikuwa kwake. Nikiacha, yeye ndiye atakayebaki na kazi yangu, halafu mimi nitakuwa Milembe wa cheti asiye na chochote. Nilimwonea wivu yule mwanamke asiyekuwepo, nikamfanyia kazi mwaka mzima.

Upande wa pili wa ukuta wachimbaji walikuwa wakija kununua kamba na kubishana bei, na sisi tulisikia yote. Mchana mmoja nilimsikia mmoja akimlalamikia mwenzake kwamba duara lake halijatema dhahabu tangu mvua za kwanza. Mwenzake akamwuliza kwa nini asiliache akatafute jingine. "Niliache niende wapi?" yule akajibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeulizwa hilo mara nyingi. "Jasho langu liko mle chini. Nikitoka mimi leo, kesho anashuka mwingine, anagonga mara moja tu, anakuta jiwe lenye dhahabu. Wewe utaniambia nini hapo?" Shija alinigeukia akanikonyeza. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilimchukia yule mchimbaji kwa kusema maneno yangu.

Shija naye alikuwa na vita vyake. Katika muhula wa pili tulipewa somo la isimu ya Kiswahili. Mhadhiri hatukuwahi kumwona, tulikuwa na sauti yake tu iliyorekodiwa, na sauti ile ikatufundisha kwamba l huitwa kitambaza, kwa sababu hewa hupita pembeni mwa ulimi, na r huitwa kimadende, kwa sababu ncha ya ulimi hupigapiga kwenye ufizi. Shija alilifurahia neno kimadende kwa namna ya pekee. Alilirudia kutwa. Hakuna r ndani yake, kwa hiyo alikuwa na uwezo wa kulitamka bila kuchekwa. Mama Hetal akajitolea kumfundisha hiyo r yenyewe. "Sema rrrr, Mwalimu. Kama pikipiki." Shija akavuta pumzi, akakunja ulimi, akatoa lllll ndefu. "Hiyo pikipiki imekufa," Mama Hetal akasema, akarudi kaunta.

Jaribio la somo lile lilisahihishwa na mashine. Ujaze nafasi zilizoachwa wazi, basi. Kinyume cha taratibu? Shija akaandika halaka. Jambo lisiloepukika? Dhalula. Alijua kila kitu, na mashine ikampa sifuri kwa kila kitu, nyekundu, hapohapo, bila hata kumwuliza alikuwa na maana gani. Mwalimu wa kibinadamu angeweka mstari chini ya neno, angecheka, angempa nusu. Niliona uso wa Shija ukibadilika rangi. Mtu yule alikuwa anafundisha watoto kusoma, na ni kweli watoto wake walisoma. Alisimama, akatoka nje mpaka barabarani, akakaa juu ya mzigo wa bati akiwa ameupa duka mgongo. Nilidhani amekwisha, hatarudi. Nikaanza kuhesabu moyoni jinsi nami nitakavyoacha, na nikaona aibu kwa nafuu niliyoisikia.

Kesho yake baada ya vipindi alikuwa wa kwanza kufika. Nilimkuta amewasha kompyuta, amekalia ndoo yake.

"Umeludi?" nikamtania kwa ulimi wake.

"Nimeludi."

"Kwa nini, lakini, Shija? Hawa watu wametudharau. Mimi wameninyang'anya jina, wewe wamekupa sifuri kwa kitu unachokijua."

Akakuna kichwa, akatazama skrini. "Sasa ungekaa hapa na nani?" akasema. "Hiki chumba peke yako utakiweza? Na ile kompresa?"

Nikavuta ndoo yangu nikakaa. Ningesema kweli ningemwambia kwamba usiku uliopita nilikuwa nimejipangia kwenda mara ya mwisho tu, kumuaga. Mimi nilikwenda kwa sababu yeye atakuwepo, yeye akaja kwa sababu mimi nitakuwepo, na chuo kikahesabu kwamba wanafunzi wake wawili wa Runzewe wameendelea kutumia mfumo. Mama Hetal alikuwa hivyohivyo na Jumapili zake. Picha ya Hetal iliganda kila baada ya sentensi mbili, mdomo wazi, jicho moja limefumba, na mama alitukana kwa Kigujarati, akalaani dishi, akaapa kwamba wiki ijayo analing'oa. Wiki ijayo, saa ileile, unamkuta ameshafuta vumbi kwenye skrini kwa upindo wa sari, amekaa anangoja. Hakuna mtu angemwuliza kama anaona teknolojia hiyo ni rahisi kutumia.

Tulimaliza. Shija alirudia lile somo, safari hii nikawa namsomea kila neno kabla hajalituma. Mwishowe aliipata r ya kuandika, ya kutamka hakuipata kamwe. Na mwisho wa mwaka, vyeti vilipokaribia kuchapwa, ndipo msimamizi wa mfumo alinipigia yeye mwenyewe kwa mara ya kwanza. Alikuwa na haraka na alikuwa na huruma kidogo. Aliniambia kwamba nina njia mbili. Moja, nijiandikishe upya kama Milembe, nianze mwanzo, kwa sababu alama haziwezi kuhamishwa kutoka mtu mmoja kwenda mwingine. Nikamwambia ni mtu mmoja. Akasema kwenye mfumo ni wawili. Njia ya pili ni kwenda kwa wakili, niape kwamba kuanzia sasa naitwa Mirembe, halafu vyeti vyangu vingine vyote vifuate. Nilimwuliza, yaani ni rahisi kubadilisha mtu kuliko kubadilisha herufi? Nikasikia vidole vyake vinagonga. Kisha akasema, "Ndiyo dada. Ni rahisi."

Ofisi ya wakili ilikuwa Geita, juu ya duka la simu, ina feni moja inayogeuka kama imelazimishwa. Shija alinisindikiza awe shahidi, amevaa koti lake la harusi. Wakili alikuwa mama mtu mzima, mkali, kalamu yake imefungwa kamba. Alinisomea kiapo, nikakirudia: mimi niliyekuwa nikiitwa Milembe nimeliacha jina hilo kwa hiari yangu. Kwa hiari yangu! Nilimwona bibi yangu waziwazi, amekaa jikoni kwake amenyoosha miguu, ananiita nikamletee kuni. Nikatia saini. Nilikandamiza kalamu kwa ghadhabu, na saini ile mpya ikatoka mbaya, na ndiyo ninayoitumia mpaka leo kwa sababu lazima ifanane.

Wakili akamgeukia Shija. "Shahidi, unathibitisha kwamba unamfahamu huyu, na kwamba Milembe na Mirembe ni mtu mmoja?"

Shija akasimama wima, mikono pembeni. "Nathibitisha. Milembe na Milembe ni mtu mmoja."

"Sema vizuri. Milembe na Mirembe."

"Ndiyo, mheshimiwa. Milembe na Milembe."

"Unataja jina moja mara mbili, Mwalimu."

"Ndivyo ninavyosema mimi," Shija akajibu, ametoka jasho. "Ni jina moja."

Wakili alinitazama mimi, akamtazama yeye, akaangalia feni. Kisha akagonga muhuri. Tulishuka ngazi tukicheka mpaka tukakaa chini pale mlangoni, watu wa bodaboda wakitushangaa, na kicheko changu kikageuka kilio katikati, na Shija akaniacha nilie bila kuniambia pole. Alisema tu kwamba ana njaa.

Ile karatasi ilifanya kazi yake. Stashahada ikaja, ina Mirembe kwa herufi kubwa za dhahabu. Mshahara ukafuata, benki, kitambulisho cha kupigia kura, bango la mlango wa ofisi yangu ya mwalimu mkuu. Wanafunzi wakubwa bado huzungusha kidole pembeni ya kichwa nikishapita, nawaona kwenye kioo cha dirisha. Nyumbani hilo halinifikii, nyumbani naitwa Mama Joel, kama ilivyo desturi, na wazee waliokuwa wananiita kwa jina langu wameondoka mmoja baada ya mwingine. Akabaki Shija. Alikuwa akinipigia simu mara kwa mara, hana shida yoyote, anataka tu kujua kama nimeingia kwenye mafunzo fulani mapya ya walimu ya mtandaoni, maana hayaishi, kila mwaka yana nenosiri jipya. "Milembe," angeanza, kwa sauti ileile ya kumsomea kiziwi, "umeingia?" Ningekuwa nimeshaamua kuyaacha. Nikisikia hivyo naingia.

Nilipokuwa naelekea Runzewe kwenye mazishi nilimpigia yule binti wa utafiti. Nilimwambia nataka kubadilisha jibu langu, lile la kuridhika, nina jingine. Alisikitika kweli. "Samahani sana Madam, majibu yakishatumwa mfumo haunirudishi nyuma." Nikamwambia asijali. Nadhani alinisikia nikicheka, na hakuelewa.

Msiba ulikuwa mkubwa, walimu wa tarafa nzima na watoto wa shule wenye sare. Mama Hetal alikuja kutoka Mwanza anakokaa sasa, amezeeka, ameshikwa mkono, akanisalimia "Mwadila" kwa sauti ndogo. Duka lake la zamani linauza pikipiki siku hizi. Mke wa marehemu, Mama Kulwa, aliniomba niseme machache kwa niaba ya walimu waliosoma na mumewe, nikakubali. Mwongozaji wa shughuli alikuwa kijana wa kisasa, suti imembana, kipaza sauti kizuri, Kiswahili chake hakina doa. "Sasa namkaribisha mwalimu mkuu kutoka Geita," akasema, "Mwalimu Mirembe." Alilitamka sawasawa kabisa, kimadende kikapiga ufizi kama tulivyofundishwa, hakuna aliyecheka. Watu wakageuka kunitazama. Nilibaki nimekaa. Mama Kulwa akanigusa bega akidhani ni majonzi, na yalikuwa majonzi, lakini zaidi ya hayo nilikuwa nangoja. Nilikuwa nalitazama lile jeneza nangoja mtu alisome tena lile jina, kwa kidole, polepole, alikosee.